Sifuri na Sifuri, Mbili

Aliyeniponza ni Mmarekani mmoja, George Stibitz. Mwaka 1937 alikaa kwenye meza ya jikoni kwake na rilei chache (swichi zinazowashwa kwa umeme), balbu za tochi na vipande vya bati la mkebe wa tumbaku, akaunda mtambo wa kujumlisha namba. Niliposoma habari hiyo nikajiambia: meza hata mimi ninayo.

Nilitaka kuijua kompyuta tangu mzizini. Kumbe mantiki yake yote unaweza kuijenga kwa geti, visaketi vidogo vinavyopokea 0 na 1 na kutoa jibu, za aina moja tu, NAND, kiumbe mbishi kweli: ukimpa 1 na 1 anakutolea 0, ukimpa kingine chochote anatoa 1. Wabishi watano wanatosha kujumlisha tarakimu mbili, kila moja ikiwa 0 au 1. Chipu moja ina wanne, kwa hiyo nikanunua chipu mbili. Ya kwanza niliichomeka kinyumenyume, mguu wa 7 ukakaa mahali pa mguu wa 14, kisha nikaigusa kwa kidole nione kama inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi ya pasi. Nikanunua ya tatu.

Usiku wa tatu, kidole kikiwa na malengelenge, nikabonyeza vitufe vyote viwili, yaani 1 na 1. Taa ya kushoto ikawaka, ya kulia kimya. 10! Kwa hesabu za mashine, hiyo ni mbili. Nikaita nyumba nzima, nikabonyeza tena, wakapiga makofi. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake hadi leo.

"Mjomba," akasema mpwa wangu wa miaka minane, "sifuri na sifuri je?"

Nikacheka. Nikaondoa vidole kwenye vitufe kwa madaha, nikawageukia watazamaji.

"Mbili," akasoma mpwa.

Nikageuka. Kweli, mbili. Nikasogeza mkono, ikawa moja. Nikaurudisha, mbili tena. Nikaanza kupunga mkono juu ya ile bodi kama mganga anayefukuza pepo, na taa nazo zikanifuata. Dada yangu akauliza kama inapima homa. Nikajibu kwamba bado inapata joto, jibu ambalo mpaka sasa linaninyima usingizi.

Walipokwenda kulala nikaufungua mchoro. Kitufe kikibonyezwa, kinaliunganisha ingizo la geti na volti 5. Kikiachiwa, mimi nilidhani basi, ndiyo sifuri hiyo. Wapi! Kikiachiwa, ingizo halijashikana na chochote. Waya unaning'inia kama antena, unaokota vijiumeme vya mkono wangu na vya nyaya za ukutani, na geti linaamua 0 au 1 kwa jinsi lilivyoamka. Kwenye mchoro kulikuwa na rezista (vizuizi vya umeme) mbili za kiloomu 10, moja kwa kila ingizo, za kulivuta hadi ardhini, yaani volti 0, kitufe kikiachiwa. Niliziacha kwenye pakiti. Nilidhani ni mapambo. Kumbe sifuri nayo hufungwa waya!

Asubuhi nikazichomeka, nikapunga mkono, nikapuliza, nikaipiga meza kofi. Taa zote mbili zimezima, hazitikisiki. Nikamwita mpwa mbio.

"Sifuri na sifuri! Haya, soma!"

Akainama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akanishika bega.

"Pole, Mjomba. Imekufa."