Mzee anayegoma kugawa shamba si lazima awe mchoyo

Kila msimu wa kupanda ukikaribia, maneno vijijini ni yale yale: mzee amekalia ardhi. Amevuka miaka 70, vijana wake wana wake na watoto, na bado kila asubuhi yeye ndiye anayeonyesha nani alime wapi.

Wanaomlaumu wana hoja moja nzito, nami siwezi kuikwepa. Mtu wa miaka 35 hapandi parachichi kwenye shamba ambalo baba anaweza kumhamisha mwakani. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, nao unataka miaka mitatu hivi kabla hujaona tunda, na mti kijijini ni ushahidi wa umiliki. Akiupanda tu, kaka zake wataanza kuuliza. Basi analima mahindi na maharage, mwaka hadi mwaka. Hata samadi anaitia kwa mkono mzito.

Hapo kijana ameonewa. Lakini tumsikilize na mzee.

Tuseme ana ekari 6 na vijana 4. Akigawa leo, kila mmoja anapata ekari moja na nusu. Kijana mwenye watoto watatu naye akigawa zamu yake, mjukuu anabaki na nusu ekari, kipande cha mita 40 kwa 50 hivi. Mahindi ukiyapanda kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, hiyo ni mistari 53. Toa nyumba, choo, zizi na njia ya kupita. Toa na mipaka, maana kila mpaka mpya ni ukanda usiolimwa na ugomvi unaosubiri siku yake. Ng'ombe wa plau hawana pa kugeukia. Kupumzisha ardhi hata msimu mmoja haiwezekani, kwani ndiyo hiyo hiyo ya kula. Nikifika kwenye mistari 53 hesabu inanigomea, na mzee, ambaye hajawahi kuiweka kwenye karatasi, anaiona vizuri kuliko sisi.

Isitoshe, ameona ya wenzake waliogawa mapema. Kijana mmoja anauza fungu lake anunue bodaboda, mgeni anajenga katikati ya shamba, na mzee anabaki kumwomba mkamwana debe la mahindi.

Tena wasikilizeni wanaodai mgawo: wanataja vijana wa kiume tu. Binti aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika analima pale leo kwa sababu shamba bado ni la baba. Likishagawanywa, yeye ni mgeni wa kaka na mke wa kaka.

Ninapoachana na mzee ni kwenye ukimya wake kuhusu nani atapata nini akifa. Hapa Tanzania, tamko la sheria za mila la mwaka 1963 linamweka mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza la urithi, wanaume wengine la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu iwapo mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Ni kweli, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Ila mama huyo itabidi awashtaki wanawe mwenyewe ili ipate kumsaidia, na pale kijijini ataanzia kwenye baraza la ardhi la watu saba, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Ni mama wangapi watafika huko?

Sheria hiyo hiyo inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kuandikwa majina ya mume na mke. Shamba halikatwi, mpaka hauongezeki, na mzee akifa mkewe ana karatasi mkononi, haishi kwa ahadi ya "tutakutunza".

Kijana wa parachichi hapati shamba kwa njia hii. Anaweza kupewa pembe moja ya kupanda miti, kwa maandishi, kaka na dada zake wakiwepo na mzee akiwa hai kujibu maswali yao. Zaidi ya hapo, kwa ekari 6, tunarudi kwenye mistari 53.