Admin afute, lakini aseme kwa nini

Makundi mengi ya WhatsApp ya mtaa au ya wazazi wa shule hupitia njia ileile. Huanza na taarifa za kikao, msiba au maji kukatika. Haipiti muda, yamejaa viungo vya kubeti, dawa za kutibu kila ugonjwa na ubishi wa vyama. Admin akichoka, anafunga: wanaoandika ni maadmin tu.

Namwelewa. Tangu 2022 kundi moja linaweza kuwa na watu 1,024, na anayelisimamia halipwi chochote. Akiachia kila mtu amwage anachotaka, wa kwanza kujitoa ni wastaarabu. Mwanamke akishatukanwa mara moja mbele ya watu wote hao, mara nyingi hanyanyui tena simu kuandika. Wanaosifu kundi lisilo na msimamizi kwamba ndilo huru wangehesabu kwanza walionyamaza.

Lakini kundi likifungwa, mzazi anayetaka kujua mchango wa mitihani umetumikaje atauliza wapi? Na huyo ndiye huitwa mkorofi. Sheria nayo huongeza woga. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilidai blogu na majukwaa ya mtandaoni yawe na leseni, na adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilisimama kwa muda. Kuzuia matusi na uchochezi ni jambo la haki kabisa, ila msimamizi mwenye hofu hufuta hata swali halali.

Kuna njia ya katikati. Aprili 2020 WhatsApp iliamua kwamba ujumbe uliosambazwa mara nyingi utumwe kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati. Kampuni ilisema usambazaji wa jumbe hizo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyezibwa mdomo, ila uvumi ulipunguziwa mwendo.

Ndani ya kundi, admin akifuta ujumbe wa mtu, wote wanaona nani kafuta. Sababu hawaioni, na manung'uniko huanzia hapo. Mstari mmoja unatosha: "Nimeondoa tangazo la mkopo, tulikubaliana matangazo ni Jumamosi." Aliyefutiwa ataudhika, lakini anajua kosa lake na anaweza kulipinga. Na swali likimhusu admin mwenyewe, hasa la fedha, aamue admin mwingine.