Haikuwa Mita Tano, na Sikulia

Wadau, najua klipu mmeiona. Jamaa yangu wa bodaboda, ambaye juzi tu alikula wali kwangu, kairusha kwenye magrupu matatu na maneno ya uongo chini yake: eti mnyanya wangu ulikuwa mita tano, na eti nililia. Ngoja niseme mwenyewe kabla haijafika Masasi.

Mnyanya ni ule ule niliokuwa nawatambia tangu mwezi wa tano. Uko ubavuni mwa nyumba hapa Chikongola, mbegu ya Anna F1, ile inayorefuka haina breki. Muuza pembejeo aliniambia urea kizibo kimoja cha soda kwa shina, tena si kila wiki. Mimi nikaona mchanga wetu huu wa Mtwara hauna shukrani, nikawa natia vitatu kila Jumapili, juu ya nusu kiroba cha mbolea ya kuku. Mti ukapanda. Ukapita dirisha, ukagusa bati. Nikaufunga kwenye fito kwa kamba ya manila, na fito nikaifunga kwenye gata. Majani kama ya mpapai (chumvi kidogo, nivumilieni). Watu walikuja kupiga nao picha.

Nyanya je? Moja. Urea ikizidi mti unanenepa majani na kusahau kuzaa. Hilo nimelijua nimeshachelewa. Moja tu, nyekundu, kule juu kabisa.

Sasa jana mama mkwe kaingia kutoka Newala. Mnajua sisi na wakwe zetu, hata kumtazama usoni ni kwa mahesabu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Akakaa mkekani, akautazama mti kuanzia shinani hadi juu, akanyamaza. Mtu aliyelima maisha yake yote akinyamaza mbele ya mmea wako, utakosa raha. Nikasema ngoja nimchumie ile nyanya.

Nikapanda kiti cha plastiki. Najua, najua. Acheni.

Nikanyoosha mkono. Kidole cha kati kikaigusa nyanya. Hapo ndipo nikahisi mguu mmoja wa kiti unatanuka taratibu, kama mzee anayejiweka sawa kwa bao. Nikaushika mnyanya. Wadau, mnyanya haushikiki, ule ni maji na vinyweleo! Ukakatika. Nikashika fito. Fito ikavuta kamba, kamba ikavuta gata, na gata lina uchafu wote wa tangu masika: majani ya mwembe, tope, manyoya ya kunguru. Ukanishukia wote utosini. Na bado sijaanguka! Niko hewani, macho yamejaa tope, najiuliza nimeshikwa na nini. Kumbe msuli niliovaa umenasa kwenye msumari wa kenchi. Nikapata hata nafasi ya kuwaza: lile fundo la kiunoni, nililikaza?

Sikulikaza.

Mimi nikashuka. Msuli ukabaki.

(Boksa ilikuwepo. Anayesema haikuwepo ni mzushi. Imetoboka upande, lakini ilikuwepo.)

Nimelala kifudifudi, mikono ina kijani cha majani ya nyanya, kile kisichotoka kwa sabuni. Nyanya yenyewe inabingirika polepole hadi mkekani. Mama mkwe kajifunika kanga uso mzima, na humo ndani ikatoka sauti ya upole kabisa: "Baba, kwani ulipanda kisamvu?"

Mke wangu alikaa chini kwa kicheko. Jamaa alikuwa mlangoni, simu mkononi. Kuhusu kulia: lile lilikuwa tope la machoni. Na mti ulikuwa mita tatu kasoro, siyo tano.

Usiku ile nyanya ikaingia kwenye kachumbari, tukala watu wanne. Mama ameondoka alfajiri na gari la kwanza, anasema mikorosho inamsubiri. Msuli bado uko juu ya msumari, kusi inaupepea kama bendera, na kiti kimevunjika. Mwenye ngazi anijulishe.