Skripti ya kuhifadhi maandishi isijue kufuta

Skripti (faili fupi la amri za kompyuta) ya kuhifadhi maandishi ijue kazi moja tu: kuongeza mstari mwishoni mwa faili. Mafunzo mengi ya wanaoanza hutanguliza alama ya >, na hilo nalipinga kabisa. Alama hiyo huelekeza matokeo ya amri kwenye faili, na ikikuta faili lipo, hulifanya tupu kabla amri haijaandika hata herufi moja. Amri ikishindwa hapo, umebaki na baiti sifuri, yaani faili tupu. Zikiandikwa mbili mfululizo, alama hizo huongeza mwishoni bila kufuta. Lugha ya programu ya Python nayo ni vivyo hivyo: amri yake ya kufungua faili, open, yenye "w" hufuta papo hapo, yenye "a" huongeza. Kazi ya miaka inaweza kupotea kwa sababu umeandika > badala ya >>.

Kwenye Linux au Mac, hii inatosha:

```
#!/bin/sh
IFS= read -r mstari
printf '%s %s\n' "$(date '+%Y-%m-%d %H:%M')" "$mstari" >> "$HOME/maandishi.txt" || echo "Haijahifadhiwa" >&2
```

Iite andika, ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x andika, endesha ./andika, charaza sentensi yako, bonyeza Enter.

Kwa nini read, inayosubiri ucharaze mstari, wakati wengi hutaja maneno palepale kwenye amri? Jaribu kuandika ./andika nimeona ng'ombe. Terminali (dirisha la kuandikia amri) itaganda ikingoja, kwa kuwa imedhani kile kitone cha ng' kinafungua nukuu na haijaona cha kuifunga. Kwa anayeandika Kiswahili hiyo peke yake ni sababu tosha. Kuhusu -r, bila hiyo alama za \ humezwa. Ukiziondoa nukuu mbili kwenye "$mstari", nyota moja ndani ya sentensi hugeuka orodha ya majina ya mafaili yaliyo kwenye folda. Na usithubutu kuweka maandishi mahali pa '%s': siku utakapoandika "50%" matokeo yataharibika, kwa kuwa printf huichukulia % iliyo mahali hapo kuwa maagizo. $HOME nayo ni ya lazima, la sivyo kila folda utakayosimama itazaa maandishi.txt yake. Mwaka umetangulia kwenye tarehe ili amri ya sort ipange mistari kwa wakati.

Ujumbe wa "Haijahifadhiwa" usiuondoe. Diski ikijaa, unahitaji kujua sasa hivi, si mwezi ujao.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni usimbaji, yaani jinsi herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti. Herufi za Kiswahili zote zimo katika zile alama 128 za ASCII, usimbaji wa zamani, kwa hiyo watu hudhani UTF-8, usimbaji wenye herufi za lugha nyingi, haiwahusu. Inawahusu. Programu nyingi za kuandikia hugeuza kitone kilichonyooka (') kuwa kilichopinda (’). Kilichonyooka ni baiti 1, kilichopinda ni baiti 3, na grep, amri ya kutafuta maneno, ikitafuta ng'ombe kwa kimoja haioni kilichoandikwa kwa kingine. Nusu ya maandishi yako inakuwa haipatikani ingawa ipo. Kwenye Python taja encoding="utf-8" kila mara; kwenye Windows PowerShell 5.1, alama ya > huandika UTF-16, usimbaji mwingine, na zana nyingi za Linux hazitasoma faili hilo ipasavyo.

Kunyoosha vitone vyote kwa sed, amri ya kubadilisha maandishi:

```
sed "s/’/'/g" "$HOME/maandishi.txt" > "$HOME/safi.txt"
```

Hapa > inakubalika kwa sababu safi.txt ni faili jipya. Ukielekeza matokeo kwenye maandishi.txt yenyewe, sed itakuta faili limeshafanywa tupu na haina cha kusoma.