Kusomea saikolojia halafu eksirei si kuchanganyikiwa

Kila msimu wa KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, ukifika kuna swali linarudi kwa magrupu ya WhatsApp huku Kisumu, nisomee saikolojia ama kitu ingine, na majibu ya wajomba ni yale yale: saikolojia haina kazi, chukua kitu ya hospitali. Halafu kijana akijitokeza aseme yeye anapenda zote mbili, saikolojia na eksirei, anaambiwa achague moja aache kuchanganyikiwa. Mi niko mwaka wa mwisho wa imaging, yaani kupiga picha za ndani ya mwili, nimeshinda ndani ya chumba cha eksirei vya kutosha, na naona huyo kijana ndiye ako na akili kwa hiyo grupu yote.

Kabla ya kuendelea tutofautishe hawa watu wawili, juu hata wazazi wangu bado wanawachanganya. Radiolojisti ni daktari, amesomea udaktari kwanza halafu akarudi darasani miaka mingine ndio aweze kuisoma picha na kuandika ripoti. Rediografa ndiye anakupanga mbele ya mashine, anakuambia ushikilie pumzi, anapiga. Diploma ya miaka mitatu ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inakutoa rediografa, na zile koleji za jamii za Marekani, vyuo vya miaka miwili, nazo zinatoa huyo huyo.

Hizo koleji za jamii nazitaja kwa sababu ya binamu yangu ako huko. Alianza na saikolojia, miaka miwili, akapata ile digrii yao ndogo, halafu akaona kazi iko kwa eksirei akahamia huko. Na haikuhesabiwa kama amepoteza wakati. Bodi inayowapa vyeti, ARRT, tangu 2015 inataka uwe na angalau hiyo digrii ya miaka miwili lakini haijali ni ya somo gani, saikolojia inakubalika. Mafunzo ya radiografia yenyewe ilibidi ayamalize yote, ya darasani na ya hospitali, hapo hakuna panya ruti. Lakini kile alichosoma mwanzo kilimfuata mpaka mwisho. Huku kwetu dada mmoja tunayefahamiana alikuwa na diploma ya ushauri nasaha, akaomba nafasi ya imaging, akaambiwa aanze moja kabisa pamoja na waliotoka sekondari juzi, tena alipe kurudia yuniti ya mawasiliano na mgonjwa. Ya mawasiliano! Na sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu iko tangu 2014, na kuhamisha alama za masomo ni moja ya vitu iliundiwa.

Sasa wajomba watauliza, hiyo saikolojia inasaidia nini kwa mashine?

Kuna siku aliletwa msichana wa Form Three, ameanguka, daktari anataka picha ya kiuno. Kwa hiyo picha lazima umuulize mtu wa umri huo kama anaweza kuwa na mimba, maana miale inapita palepale. Mamake amekaa hapo kando na kabla mtoto afungue mdomo mama amejibu, "Huyu ni wa shule, hana mambo hayo." Mwanafunzi kama mimi ningeandika hapana niendelee. Mkubwa wangu hakubishana, alimwambia tu, "Mathe, nisaidie uende pale kaunta uhakikishe jina na umri vimeandikwa sawa," kwa heshima kabisa, na mlango ulipofungwa akavuta kiti akakaa chini kidogo ya usawa wa macho ya yule msichana akamuuliza upya, polepole, akamwambia jibu litabaki hapo. Alichojibu si cha kuandika huku. Kwa vitabu vyetu vya imaging imeandikwa "muulize mgonjwa", basi. Venye utauliza, mbele ya nani, ukiwa umesimama ama umekaa, hiyo iko kwa vile vitabu vingine ambavyo wajomba wanasema havina kazi.

Watoto nao ndio usiseme. Mtoto aliyedungwa sindano wiki iliyopita akiona tu koti jeupe anaanza kupiga nduru, na hajaguswa. Hiyo ni Pavlov na mbwa wake, wale waliozoea kengele na chakula mpaka wakisikia kengele tu mate yanatoka. Na Piaget naye, yule mwanasaikolojia Mswisi wa mambo ya watoto, alieleza kitambo kwamba mtoto wa miaka minne hivi anaona vitu vina uhai, kwa hivyo ukimwambia "hii ni mashine tu" hujamwambia kitu. Mwache aisalimie kwanza. Na akikataa kabisa aendelee kulia, wazee wa kazi wanajua kungojea ile sekunde anavuta pumzi ndio alie tena, kifua kimejaa hewa, unapiga hapo. Ukikosea picha inatoka na ukungu unarudia, na kurudia ni kumwongezea mtoto miale bure.

Halafu kuna hofu yenyewe. Mama mmoja mzee wa mtaa wa Nyalenda huku Kisumu alikataa katakata eksirei ya kifua, ati miale itammaliza. Mwenzangu akamwaga hesabu: picha moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1, hicho ndicho kipimo cha miale, na wastani wa mtu duniani ni kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwa mawe na anga bila kukanyaga hospitali, yaani hii ni kama wiki mbili tu za maisha ya kawaida. Hesabu ni ya kweli na haikusaidia chochote. Alipokuja mtu akamuuliza, "Dani," yaani nyanya kwa Kijaluo, "kwani unaogopa nini haswa?" ikatoka kwamba eksirei si shida, shida ni TB, ikionekana na watu wa ploti wakijua. Hiyo sasa ilikuwa mambo mengine kabisa, na dakika kumi baadaye alikuwa amesimama mbele ya mashine, kidevu juu, mabega mbele.

Na hapo sijafika MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ambayo haina miale ya eksirei hata kidogo lakini mtu mzima na ndevu zake anaingizwa kwa shimo la sentimita 60 hivi ama 70, kelele tupu, asitingishike hata nusu saa, wengine wanaomba kutoka kabla haijaanza.

Sisemi rediografa ajiite mwanasaikolojia. Hiyo kazi ina sheria yake ya 2014 na inataka usajiliwe, na sisi tuna wengi sana mjini wanaojiita washauri baada ya semina ya wikendi. Pia sisemi fizikia ipunguzwe, fizikia haikwepeki, kama huipendi eksirei itakutesa.

Ninachosema ni wewe ambaye tayari umesoma saikolojia kidogo mahali, usiifiche kwa fomu kama aibu. Na kabla ya kulipa karo ya imaging popote, uliza ofisi ya udahili ni yuniti gani watakupunguzia, na jibu wakupe kwa maandishi, si la mdomo.