Pasi ya jogoo haipimwi kwa kilo

Jumamosi mtaani kwetu hapa Dar hakuna kulala. Saa moja asubuhi tu utasikia spika ya jamaa wa guta, "pasi mbovu, friji mbovu, betri mbovu, vyuma chakavu tunanunuaaa", inajirudia hiyohiyo mpaka inakuganda kichwani. Wengine inawakera, mimi natoka nje na ndala kabla hajakata kona maana yule ndo mshindani wangu, anachotafuta yeye ndo ninachotafuta mimi, vitu vya zamani, tofauti ni kwamba vyake vinaenda kuyeyushwa vitoke nondo na vyangu vinaingia ndani halafu mke wangu ananuna siku mbili.

Nilianza na pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo kwenye kifungio. Niliikuta kwenye guta imelala katikati ya rimu za baiskeli na mapanga ya feni, nikauliza bei, dogo akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akaipimapima kwa mkono akasema nipe buku tano braza. Haijatoboka hata kidogo. Kishikio cha mbao kimelika katikati, ukikishika vidole vinaingia vyenyewe kwenye mashimo ya vidole vya mtu mwingine kabisa. Bibi yangu alikuwa na kama hiyo, na kabla haijagusa shati lazima aipitishe kwanza juu ya jani la mgomba iteleze. Mgao wa umeme wa 2023 majirani waliokuwa wananicheka walikuja kuiazima kwa foleni, sikusema kitu.

Sasa mimi msimamo wangu ni mmoja, kitu cha zamani kifanye kazi yake. Haya mambo ya kuchukua miguu ya chuma ya cherehani, unaweka kioo juu unaita meza ya mgahawa, yananiuma sana jamani. Singer ya kukanyaga ukiipaka mafuta na kubadilisha mkanda inashona mpaka turubai. Ninayo moja, namba yake inaanza na herufi E, ya kiwanda cha Clydebank kule Scotland ambacho kilifungwa 1980, yaani kiwanda hakipo siku nyingi na mashine bado inapindisha suruali za watoto wangu.

Najua watu wa Lamu na Unguja mtanirukia, mtasema mbona wazee walipanga sahani za Kichina kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na hakuna aliyezilia wali. Sawa, pale nimeshindwa. Ila zidaka zilijengwa kwa ajili hiyo, zile sahani zilikuwa kazini.

Na tusidanganyane, kuna kupigwa. Mwanzoni nilinunua sinia nikaambiwa shaba tupu, elfu arobaini, nikaibeba kwenye daladala kwa maringo yote, nimefika nyumbani nikaisugua na ukwaju na chumvi kama inavyosuguliwa shaba, rangi ikaanza kutoka, chini yake bati. Siku hizi natembea na sumaku nimeitoa kwenye spika mbovu. Shaba haishikwi na sumaku, ikinata tu narudisha sinia ya watu mezani naaga kwa adabu. Wauzaji wengine wakiiona ile sumaku wanabadilika sura kabla hata sijaigusisha.

Sahani na vikombe vya bati vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu navyo ninavyo kibao, vilivyobanduka ndani silii, vinakaa na funguo na vocha za zamani. Redio za mbao nimeacha, zinakula nafasi na mafundi wake wamebaki wachache.

Kinachoniuma ni kuona mtu anatoa birika la shaba la mama yake kwa bei ya kilo, halafu jioni anarudi na jagi la plastiki ambalo likianguka mara moja ndo basi. Simlaumu mwenye shida ya hela, shida nazijua. Ila mwenye kulitoa kwa sababu eti ni la kishamba, huyo naomba aniite mimi kwanza, bei ya guta naongeza.

Na kama kuna mwenye kioo cha chemli, kile kinene kilichovimba tumboni, anitafute. Kariakoo nimezunguka wee, vyote wanavyonipa vinapwaya, na utambi nimeshauweka tayari.