Bakteria hawali risasi, huifunga

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, mtaa uliotiwa sumu ya risasi (metali ya ledi) na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji ya mtaa wao yasafishwe. Fidia imezungumzwa mno, usafishaji kidogo. Na anayependekeza bakteria wafanye usafi huo huulizwa kwa kejeli: kuna mdudu anayekula betri?

Hakuna. Mafuta yakimwagika baharini, bakteria huyala. Risasi ni elementi, haiozi wala haimeng'enywi. Wanachofanya bakteria ni kuifunga, na kazi hiyo inafanyika hapa hapa. Pita kwenye mikoko ya Tudor maji yakipwa, utasikia harufu ya mayai viza. Ndani ya tope lisilo na oksijeni wamo bakteria wanaopumua kwa salfeti, chumvi ya salfa ambayo maji ya bahari yamejaa, na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu hiyo. Salfaidi hiyo ikikutana na risasi, zinki au kadmiamu iliyoyeyuka, hugeuka chembe zisizoyeyuka zikatuama.

Huko Budel, Uholanzi, kiwanda cha zinki kilianza mwaka 1992 kusafisha maji ya chini ya ardhi kwa bakteria wa aina hii waliofugwa ndani ya tangi, tena mashapo yake, yaani chembe zilizotuama, yakarudishwa kiwandani kutolewa zinki. Hapo ndipo wanaobeza wanapokosea hesabu. Chokaa, dawa iliyozoeleka ya kutuamisha metali majini, ni rahisi na ya haraka, lakini huacha tope jingi la majimaji, na asidi ikiongezeka kidogo tu metali zinaanza kuyeyuka upya. Mashapo ya salfaidi ni machache na hustahimili zaidi.

Wanaopinga hawana makosa yote. Bakteria wanataka kulishwa, kwa molasi au alkoholi, tangi lisiingize hewa, na gesi yao huua. Salfaidi ikichimbuliwa ikapata hewa, metali hufunguka. Tena, sumu ya Owino Uhuru imo udongoni na kwenye vumbi la nyumba, na tangi la maji haliwezi kuifikia. Atakayewaahidi wakazi wale kwamba bakteria watawamalizia tatizo anawadanganya.

Mahali pa tangi hilo ni kwenye bomba la kiwanda, kabla maji hayajaingia hori la bahari. Na kabla ya leseni, mwenye kiwanda aonyeshe nani atayapokea mashapo. Yakiishia jaa la Mwakirunge, bakteria na chokaa ni mamoja.